Uanze na Kitabu Kipi? Majibu ya Fundi Cherehani

Ubishi ulianzia kwenye suruali ya Mwalimu. Aliileta ipunguzwe kiuno, maana tangu astaafu amekonda, akakaa kwenye benchi langu hapa Kirumba, Mwanza, kuisubiri, na anajua kabisa kwamba kwangu hakuna kazi inayotoka siku hiyo hiyo. Binti anayejifunza kushona alikuwa kwenye mkao wake wa kila siku, mguu kwenye pedali na jicho kwenye simu, anafuatilia hadithi ya mapenzi inayotumwa vipande vipande na kukatika kila mara mlango unapogongwa. Mwalimu akamwuliza anasoma nini. Binti akaificha simu chini ya kitambaa. "Shikamoo Mwalimu. Hiki si kitabu. Nataka nianze vile vitabu vizito, ila sijui nianze na kipi."

Mwalimu ni mtu wa Tanga, kwa hiyo jibu lake tulilijua kabla hajafungua mdomo: Shaaban Robert, Mtanga mwenzake, na baada ya Shaaban Robert, Shaaban Robert tena. Mtoto wa kaka yangu, ambaye yuko mwaka wa pili chuo kikuu na alikuja kuniomba nauli, akacheka kwa pua. Kwa maoni yake mtu aanze na Nagona, riwaya ya Kezilahabi, akishaimaliza hiyo vingine vyote vitakuwa uji. Mama muuza vitenge wa kibanda cha jirani akapaza sauti kutoka kwake kwamba Kiswahili kilizaliwa kwenye mashairi, asiyeanza na tenzi anajidanganya. Na kijana wa bodaboda aliyefuata mzigo akauliza, kwa upole kabisa, kwani Willy Gamba, yule mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba, ana kosa gani.

Mimi nilikuwa na pini mdomoni. Mwenye pini mdomoni habishani na mtu. Lakini binti yule anashinda na mimi, si na wao, na hadi jioni alikuwa amerudi kwenye simu yake, tena amechanganyikiwa kuliko asubuhi. Nikamwandikia haya nyuma ya daftari la vipimo. Nimeyanakili hapa, nikiongeza kidogo, kwa yeyote mwenye swali kama lake.

Toa mtihani kichwani

Kabla ya kuchagua kitabu, kuna kitu cha kufumua. Wengi wetu tulikutana na riwaya darasani, na darasani riwaya haikuwa hadithi, ilikuwa swali la nne. Fani na maudhui. Dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi, matumizi ya lugha, toa mifano. Mimi kidato cha nne nilijua dhamira tano za riwaya ambayo sikuwahi kuifungua. Kitabu kilikuwa kimoja kwa darasa zima, kikaishia mikononi mwa wasichana wa bweni la mbele, sisi wengine tukakariri karatasi za uchambuzi zilizopigwa kopi hadi maandishi yakawa kivuli. Nilifaulu. Kisha nikakaa miaka tisa bila kugusa kitabu, nikiamini kwamba fasihi ni jambo la watu wenye majibu.

Kwa hiyo kitabu chako cha kwanza kisome bila kalamu. Mtu akikuuliza kinafundisha nini, mwambie kilichotokea: nani alimfanyia nani jambo gani, na wewe ulikasirika wapi. Ukiweza kumsimulia jirani hadi akaacha kumenya viazi, umesoma. Hizo dhamira zitakuja zenyewe baadaye, au zisije.

Anza na mahali unapopajua

Ushauri wangu ni huu, na ndiyo maana sikukubaliana na mtu yeyote kati ya wale wanne. Usianze na mwandishi mkubwa kuliko wote, wala wa zamani kuliko wote, wala mgumu kuliko wote. Anza na kitabu ambacho sauti yake tayari unayo sikioni, kinachozungumzia mahali unapopajua kwa miguu yako.

Mimi nimezaliwa Ukerewe. Siku moja nilikuwa kwenye meli ya kwenda Nansio, safari ya saa tatu na ushee kutoka Mwanza, jua kali, nimekaa juu ya magunia. Dada mmoja pembeni yangu alikuwa anasoma kitabu kilichochakaa, akasinzia, kikaanguka miguuni pangu. Nikakiokota, nikafungua popote, nikaona neno Namagondo. Namagondo! Mahali ambapo shangazi yangu aliolewa. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuliandika hilo neno kwenye kitabu kikachapishwa. Ilikuwa Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1971, ile ambayo kwa muda ilipigwa marufuku shuleni. Nikaanza mwanzo. Zakaria anakunywa, Regina anavumilia, na Rosa analelewa kwa ukali kiasi kwamba anafika ukubwani hajui hata kuzungumza na mvulana. Yule dada alipoamka aliniacha nisome hadi tunaingia gatini, kisha akachukua kitabu chake. Nilimtafuta mwenye kitabu hicho miezi miwili hapa mjini ili nijue Rosa aliishia wapi. Sikuambii. Lakini nilipomaliza sikushona siku hiyo.

Kumbuka kwamba Kezilahabi si mwandishi mwepesi. Ila mimi nilikuwa nimeshafanya nusu ya kazi kwa kuzaliwa pale. Njia, ziwa, ulevi wa wazee, namna baba anavyokohoa kabla ya kuingia uani, vyote nilivijua, kwa hiyo akili yangu ikabaki huru kumfuata Rosa.

Wewe wa Zanzibar, au uliyekaa Zanzibar, chukua Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Yasmin, msichana wa Kihindi, anaozwa kwa mzee Bwana Raza, anatoroka, na kutoroka kwake kunamwingiza katikati ya watu wanaopambana na ukoloni. Ilichapishwa 1999, na mwaka 2021 Amil Shivji aliifanya filamu, kwa hiyo kama umeiona filamu una mlango tayari. Usiogope unene wake, inakwenda kwa kasi. Ukitaka jambo la nyumba na milango iliyofungwa, chukua Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya 1980: Maimuna amefungiwa ndani na baba mwenye maneno makubwa ya siasa nje. Hiyo nimewapa wateja sita, wote wanawake, na wanne walirudi kuniuliza kama mwandishi ana kingine. Ndugu wa Kenya wanajua Siku Njema ya Ken Walibora, ya kijana Kongowea anayetoka Tanga kumtafuta babake. Wengi wao waliisoma shuleni na bado wanaipenda, jambo ambalo kwa kitabu cha shule ni kama muujiza.

Na kijana wangu wa bodaboda? Willy Gamba hana kosa lolote. Elvis Musiba alifundisha nchi nzima kugeuza kurasa. Ila kwa mpenda upelelezi anayetaka kupanda ngazi moja, mimi hutoa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla. Ni ya 1960. Bwana Msa na kiko chake anachunguza mauaji Unguja, na huku unamfuata mwuaji unajikuta umekula Kiswahili kitamu ambacho hukukiagiza. Wasomi wanazigawa riwaya, hizi pendwa, za kuburudisha, zile dhati, za uzito. Kwenye benchi langu mpaka huo unavukwa bila pasipoti.

Namna ya kukaa na kitabu

Jipe kurasa 30. Zikiisha na bado hujali nani anaishi nani anakufa, kirudishe, chukua kingine, wala usiombe radhi. Kichwamaji ya Kezilahabi niliiacha mara mbili. Mara ya tatu, baada ya msiba nyumbani, niliisoma kwa siku nne na yule Kazimoto mwenye maswali yake ya kukata tamaa nikamwelewa kama ndugu. Kitabu kilikuwa kile kile.

Maneno magumu usiyafuate njiani. Weka nukta ya penseli pembeni, endelea, na jioni fungua kamusi uangalie matano tu, yale yaliyojirudia. Anayefungua kamusi kila mstari anasoma kamusi.

Chagua msimu. Mimi Desemba na Januari sisomi kabisa, ni sare za shule kuanzia alfajiri hadi macho yanauma. Kitabu nilichokianza Novemba nikakikatiza kwa sare, sijawahi kukimaliza. Ninasoma vizuri mwezi wa tatu na wa nne, mvua inaponyesha na wateja hawaji. Angalia kazi yako inapumua lini.

Na kama umezoea hadithi za simu, kama binti yangu, usizichekee. Zimekufundisha kusubiri. Tofauti utakayoiona ni kwamba kitabu kizito hakikugongei mlango mwisho wa kila sura. Wakati mwingine sura inaisha mtu anatazama ziwa tu. Mara ya kwanza utadhani kurasa zimechomoka.

Cha pili kiwe tamthilia, na isomwe kwa sauti

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Wakimaliza riwaya moja wanatafuta nyingine nene zaidi. Mimi nasema chukua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969. Ni fupi. Inahusu Vita vya Maji Maji vilivyoanza 1905, na mtu aliyewapa watu maji ya kuwalinda na risasi, halafu akaanza kuwa na shaka na kitu alichokitoa mwenyewe.

Usiisome peke yako. Sisi tuliisoma umeme ulipokatika, jioni moja, watu watano na taa moja ya kuchaji, kila mtu na wahusika wawili watatu. Tulikuwa na nakala mbili tu, kwa hiyo tulizunguka taa kama nzi. Mama wa vitenge alipewa Kinjeketile, na tulipofika mwisho, pale anapotakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, alinyamaza. Tukadhani amepoteza mstari. Hakuwa ameupoteza. Alikuwa anafikiri angesema nini yeye. Mtoto wa kaka yangu amefundishwa tamthilia hiyo kwa miezi miwili chuoni na akakiri kwamba hakuwahi kuona kwamba hapo kuna ukimya.

Kusoma kwa sauti kunakufundisha kitu ambacho macho peke yake hayakifundishi: mahali pa kupumua. Ukishalijua hilo, Shaaban Robert anafunguka.

Sasa Shaaban Robert, Mwalimu utanisamehe

Kumweka wa tatu si dharau. Ni kwa sababu anayemwendea akitarajia riwaya kama za leo anakutana na watu wanaoitwa Karama na Majivuno, sentensi zilizonyooshwa kwa pasi ya mkaa, na nchi iliyo angani. Anadhani ni mahubiri, anafunga. Nimeona wasomaji wengi wakifia hapo.

Chukua Kusadikika, ya 1951, na isome kama kesi. Karama ameshitakiwa kwa sababu ameleta elimu ya sheria. Majivuno anamshitaki. Utetezi wake ni hadithi za wajumbe sita ambao nchi iliwatuma pande zote, hadi mbinguni na ardhini, wakarudi na manufaa, wakalipwa mateso. Soma mjumbe mmoja kwa siku, kwa sauti, kisha funga kitabu. Usisome wawili. Ukisoma sita mfululizo watafanana, na utasema mzee anajirudia. Ukisoma mmoja mmoja, siku ya tatu utaanza kukasirika, na hasira hiyo ndiyo aliyoitaka.

Ukichoka jiulize: kwa nini nchi iko angani? Mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni Tanganyika. Mtu mwenye kazi hiyo, mwaka ule, akitaka kuandika kwamba watawala wanawaumiza wanaowaletea mwanga, angeiweka nchi yake wapi? Nilipomwambia Mwalimu hivyo alinyamaza, akasema ndivyo alivyokuwa akifundisha miaka 30. Basi tumekubaliana, tunatofautiana kwenye foleni tu.

Mashairi: hesabu kwa vidole

Mama wa vitenge alikuwa na haki nusu. Mashairi ndiyo mzizi, lakini mtu hafundishwi kupanda mwembe kwa kuonyeshwa mzizi. Yaje baada ya sikio kuzoea.

Shairi la kimapokeo usilisome kama gazeti. Lina mizani, yaani idadi ya silabi, na mizani unaihesabu kwa vidole. Nimetunga mstari wa kufundishia: "Nimebeba uzi wangu, sindano nimeiacha." Hesabu: ni-me-be-ba-u-zi-wa-ngu, nane. Si-nda-no-ni-me-i-a-cha, nane. Huo ni mshororo, vipande viwili, na mara nyingi minne kama hiyo inafanya ubeti. Utenzi una vipande vifupi vya mizani nane, vinne kwa ubeti: vitatu vya kwanza vinafanana mwisho, cha nne kinashika kina kimoja, yaani silabi ile ile ya mwisho, kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Ukishajua hivyo utaanza kungojea kile kina cha nne kama unavyongojea kiitikio.

Anza na Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Alifungwa miaka mitatu Kenya, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya karatasi iliyouliza nchi inakwenda wapi, na mashairi haya aliyatunga humo gerezani. Yakatoka kitabu 1973. Sisi wa bara lugha inatukwaza kidogo kwa sababu ni Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, lakini ni ufunguo mdogo tu: ukiona ndia ni njia, mato ni macho, ndoo ni njoo. Ukienda juu zaidi hadi Kiamu, cha Lamu, moya ni moja. Andika hayo kwenye karatasi, iweke kwenye kitabu kama alama, baada ya kurasa kumi huihitaji.

Baadaye nenda kwa Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utenzi mwaka 1858. Ni wosia wa mama mgonjwa, na sehemu kubwa inahusu namna ya kumhudumia mume. Mimi sikubaliani naye kwenye beti nyingi, na nimemjibu kwa sauti nikiwa peke yangu kibandani. Nadhani ndivyo anavyopaswa kusomwa. Mama anapokuusia si lazima ukubali, lakini humkatizi.

Vilivyobaki

Nagona ina kurasa chache, hazifiki mia, na ndiyo inayowadanganya watu: wanaona wembamba wanadhani ni nyepesi. Mambo hayafuatani, msafiri haijulikani vizuri anakwenda wapi, mlango unafungukia mlango mwingine. Isome ukishakuwa na vitabu kama kumi nyuma yako, isome kama ndoto ya mtu unayempenda, na ukiimaliza irudie wiki ile ile. Kumpa mtu iwe kitabu chake cha kwanza kabisa ni kumfundisha kuogelea kwa kumtupa kati ya Mwanza na Nansio. Mtoto wa kaka yangu anajua hivyo. Yeye mwenyewe alianza na Bwana Msa, nilimwazima mimi.

Tafsiri zisikupite. Peponi ya Abdulrazak Gurnah imeletwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis, na ukiisoma unaona kama imerudi nyumbani kwao. Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Nyerere, isome kwa sauti, kama Kinjeketile.

Kwa msimu wa mvua ndefu, au ukiwa umelazwa, au unanyonyesha, kuna Aniceti Kitereza. Mkerewe mwenzangu. Aliandika Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Miaka 35 hadithi imekaa ikingoja. Mume na mke hawajapata mtoto, wakwe wanamchukua binti yao, na mume inabidi apike pombe ya ndizi ili arudishiwe mkewe. Na hiyo pombe inapikwa kweli, hatua kwa hatua, kurasa na kurasa, hadi unaweza kuipika. Mtu mwenye haraka atalia. Mimi nilikuwa na mguu uliovunjika na nilitamani isiishe.

Kuvipata ni shida, sikatai. Jaribu maktaba ya mkoa kwanza, halafu wauza vitabu vilivyotumika wanaotandika chini. Kabla hujalipa, hesabu kurasa za mwisho. Vitabu vya shule hupoteza mkia. Vichapwa vipya vipo, lakini bei yake ni ya gauni la mtoto, kwa hiyo changeni watu watatu.

Binti, baada ya kusoma maelezo haya yote, hakuchagua hata kimoja kwa sababu nilizotoa. Alichukua Utengano kwa kuwa ndiyo iliyokuwa juu ya rundo. Jana nilimkuta ameshona zipu ya gauni la mteja upande wa nyuma ukaangalia mbele, kitabu kimefunguliwa mapajani, simu iko kwenye chaji kule pembeni. Nimeifumua zipu mwenyewe. Suruali ya Mwalimu bado.